Grisi Niliyoipangusa

Tairi ya mbele kulia ilikuwa imetobolewa na msumari. Nikapiga jeki, nikafungua nati, nikaivuta tairi na kuilaza chini, upande wa ndani ukiangalia juu. Hapo ndipo nilipouona mstari mweusi umezunguka rimu yote kwa ndani, mpana kama kidole gumba, kana kwamba mtu amechota grisi na kuchora duara. Nikagusa. Ilikuwa nzito, ya kunata, nyeusi yenye mng'ao wa kijivu. Nikachukua tambara, nikaipangusa mpaka rimu ikatakata, nikafunga tairi ya akiba, nikaondoka zangu.

Miezi kadhaa baadaye, swali ambalo sikuliuliza siku ile likajibiwa kwa sauti. Nilikuwa natoka kwenye maegesho finyu, usukani nimeukata mpaka mwisho, mguu unagusa mafuta polepole: ta-ta-ta-ta-ta. Nikanyoosha usukani, kimya. Nikakata tena, ta-ta-ta. Nikiongeza mwendo, mlio nao unaongeza mwendo. Ulitoka kwenye gurudumu lilelile la mbele kulia.

Makala haya nayaandika kwa ajili ya ile siku ya tambara. Siku ya mlio, chuma kilikuwa kimeshalika na hakuna grisi ambayo ingekirudisha. Siku ya tambara kila kitu kilikuwa bado kinaokoleka kwa kipande cha raba, klipu mbili na kifuko cha grisi. Gari lilinionyesha mapema kabisa, nami nikafuta. Tangu hapo nimejifunza kuikagua kwa makini raba hii inayofunika kiungo cha shafti nyuma ya gurudumu, na roho huniuma kila nisikiapo gari la mtu linakata kona likilia ta-ta-ta, maana najua kuna siku lilikuwa na mstari mweusi tu kwenye rimu.

Mafundi huiita buti, wengine raba ya CV, wengine raba ya ekseli. Ni ile raba yenye mikunjo kama mvukuto wa mhunzi, iliyovalishwa mwishoni mwa shafti nyuma ya gurudumu. Ili uelewe kwa nini ikipasuka hasara huwa kubwa hivyo, lazima kwanza uijue jointi inayoishi ndani yake.

Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele lina kazi ngumu pale mbele. Giaboksi inazungusha shafti mbili, moja kulia na moja kushoto, na kila shafti inazungusha gurudumu lake. Lakini gurudumu la mbele halitulii. Linapanda na kushuka na shokapu, linageuka kulia na kushoto kwa amri ya usukani, na wakati wote huo linatakiwa lizunguke bila kusita. Kile kiungo cha msalaba unachokiona kwenye propela ya lori, ile shafti ndefu ya chini katikati, ambacho hunasibishwa na Robert Hooke, mwanasayansi Mwingereza wa karne ya 17, hakifai hapo. Kikipinda, upande unaopokea nguvu huwahi na kuchelewa mara mbili katika kila mzunguko. Pembe ikiwa ndogo husikii kitu. Kwa pembe ya kukata kona, usukani ungetetemeka mikononi.

Suluhisho lililoshinda ni la Alfred Rzeppa, mhandisi wa Ford, miaka ya 1920. Golori sita za chuma zimekaa kwenye mifereji iliyochongwa kwa upinde, na zimeshikwa na kizimba kinachoziweka daima katikati ya pembe ya shafti mbili, hata shafti zipinde vipi. Kwa sababu golori ziko katikati, mwendo unaoingia ndio unaotoka. Ndiyo maana ikaitwa jointi ya mwendo sawia, na herufi za CV ni kifupisho cha jina hilo kwa Kiingereza. Gari dogo la Mini la mwaka 1959, lililosanifiwa na Alec Issigonis, lilitumia jointi za ukoo huo, na baada yake magari madogo ya kuvutwa mbele yakaenea. Jointi ya nje, ile ya upande wa gurudumu, hupinda mpaka kiasi cha digrii 45. Ya ndani, upande wa giaboksi, hupinda kidogo zaidi ya nusu ya hapo, ila ina kazi nyingine: kuteleza kuingia na kutoka, ili urefu wa shafti ubadilike gurudumu linapopanda na kushuka. Mara nyingi ndani yake hamna golori bali vigurudumu vitatu vilivyokaa kwenye mhimili wa pembe tatu.

Nimeieleza kwa kirefu kwa sababu ninaipenda kazi hii ya mikono ya watu. Lakini jointi hii ina udhaifu mmoja usiokwepeka: mdomo wake lazima uwe wazi, shafti ipate nafasi ya kuyumba. Chuma kilichosagwa kwa kipimo chembamba kuliko unywele kinaishi sentimita chache kutoka kwenye tope, mchanga na maji ya barabarani. Kinachokitenga na vyote hivyo ni buti, raba yenye unene wa milimita chache.

Sasa hesabu kazi ya raba hiyo. Tairi yenye mzingo wa mita 1.9 huzunguka zaidi ya mara 500 katika kila kilomita moja. Katika kilomita 20,000 imezunguka zaidi ya mara milioni 10. Na shafti ni nadra kunyooka kabisa, kwa hiyo katika kila mzunguko kila mkunjo wa buti unabanwa upande mmoja na kuvutwa upande wa pili, mchana wa jua na usiku wa baridi. Nikiifikiria hesabu hiyo sishangai kwamba buti hupasuka. Nashangaa inavyodumu miaka.

Haipasuki kwa ghafla, isipokuwa imechomwa na jiwe au ncha ya waya. Kwanza raba huanza kukauka. Vinatokea vinyufa vidogo kwenye bonde la mkunjo, mahali pale ambapo raba hupinda zaidi, hasa kwenye buti ya nje. Vinyufa vinaungana, vinakuwa mstari unaofuata bonde, kisha siku moja mstari unafunguka. Shafti inazunguka kwa kasi, grisi iliyomo ndani inarushwa nje kwa nguvu ya mzunguko, na kwa kuwa ufa unafuata bonde moja, grisi inapiga mstari mmoja: kwenye rimu kwa ndani, kwenye kalipa ya breki, kwenye shokapu, wakati mwingine mpaka kwenye plastiki ya juu ya gurudumu. Ndio mstari wangu ule.

Grisi ikishatoka, kinaingia kingine. Vumbi linachanganyika na mabaki ya grisi likawa msasa, maji yanaleta kutu, na zile golori sita zinaanza kuchimba vishimo kwenye mifereji yake. Mlio wa ta-ta-ta ni golori zinazogonga kingo za vishimo hivyo. Kutoka raba kupasuka mpaka jointi kulia huweza kuwa majuma au miezi mingi, kutegemea njia unazopita na mvua inayokukuta. Kipindi hicho chote gari linaendeshwa vizuri tu, na ndicho kinachowahadaa watu. Huhisi kitu mikononi, husikii kitu, na hakuna taa inayowaka kwenye dashibodi. Jicho peke yake ndilo linaloweza kujua.

Kwa hiyo tuanze na jicho. Huhitaji jeki wala kulala chini ya gari. Egesha mahali tambarare, vuta hendibreki, kata usukani wote kushoto, zima injini, kisha nenda ukachutame nyuma ya gurudumu la mbele kulia. Tairi litakuwa limefunguka upande huo na buti ya nje itakuwa imevutika mbele ya macho yako, mabonde yake wazi. Ukimaliza, kata kulia ukaangalie ya kushoto. Mwangaza wa mchana hautoshi, chukua tochi. Usitazame vilele vya mikunjo tu, maana vilele hubaki vizuri mpaka mwisho. Tia kidole, fungua bonde, angalia chini kabisa. Vinyufa vyembamba vya juu juu kama vya udongo uliokauka maana yake buti imezeeka na unatakiwa uanze kupanga kuibadilisha. Ufa unaoingiza ukucha, au unaotoa unyevu mweusi, haukupi muda wa kupanga.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulisahau: umeona nusu moja tu ya duara. Ufa unaweza kuwa umelala juu, mahali usipopaona. Nyoosha usukani, sogeza gari mbele kiasi cha mita moja, ambayo ni karibu nusu mzunguko wa tairi, kata usukani na uangalie tena. Buti yangu ya kulia ilikaguliwa mara moja na fundi aliyesema iko sawa. Naamini aliona upande usio na ufa, naye hakusogeza gari.

Buti ya ndani ni ngumu kuifikia. Hapo utahitaji kuinua gari, na ukiinua usiingie chini likiwa limeegemea jeki peke yake. Weka stendi imara, weka kizuizi nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Buti hii hupinda kidogo, hivyo mara nyingi hudumu kuliko ya nje, lakini ina maadui wake: joto la bomba la moshi linapopita karibu, na mafuta ya injini yanayovuja kutoka juu. Raba ya kawaida ikilowa mafuta kwa muda mrefu huvimba, hulainika na kulegea. Na usisahau kwamba idadi ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Gari la kuvutwa mbele lina buti nne. Lenye kuvutwa na magurudumu yote manne, na ambalo kila gurudumu la nyuma lina shafti yake, lina nane.

Ukikuta unyevu, usikimbilie kulaumu buti kabla hujajua ni unyevu gani. Grisi ya jointi ni nzito, nyeusi au ya kijivu iliyoiva, imerushwa kwa matone na mistari, wala haitiririki. Mafuta ya shokapu ni mepesi, hushuka kutoka juu kwenye mwili wa shokapu na kushika vumbi likawa kama manyoya. Mafuta ya giaboksi hudondoka pale shafti inapoingilia giaboksi, kwenye sili. Na kimiminika chepesi, kisicho na uzito wa mafuta, kikilowesha tairi kwa ndani huku chupa ya breki ikipungua, hilo ni jambo la breki: gari lisiondoke hapo. Kuna pia buti ambayo haijapasuka popote lakini inatoa grisi pembeni, kwenye mdomo mdogo au mkubwa. Hapo klipu ndiyo iliyolegea, na ukiwahi, klipu mpya pekee inaweza kutosha.

Baada ya jicho, vidole. Chukua grisi kidogo kwenye ufa, isugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikiteleza laini kama ilivyotoka kwenye kifuko chake, umewahi. Ukihisi chembechembe, mchanga umeshaingia. Ikiwa na rangi ya kutu au imekuwa nyeupe kama maziwa, maji yamekaa humo. Mtihani huu wa vidole ndio ninaouamini kuliko wote, kwa kuwa unakuambia hali ya chuma bila kukifungua.

Sikio ni la mwisho, nami ningependa msomaji wangu asilihitaji. Lakini kama umenunua gari la mtumba au unasikia kitu, tafuta uwanja mpana usio na watu, fungua vioo, kata usukani mpaka mwisho na uzunguke polepole huku ukigusa mafuta. Zunguka kulia, zunguka kushoto, mbele na kinyumenyume. Jointi ya nje iliyolika italia ta-ta-ta kwa mpangilio, ikifuata mwendo wa gurudumu. Mara nyingi inayolia ni ya upande wa nje wa kona, kwani ndio unaobeba uzito, yaani ukikata kushoto sikiliza kulia. Ila usiagize kipuri kwa ushahidi huo peke yake. Nenda ukaangalie buti zote mbili.

Jointi ya ndani hailii hivyo. Yenyewe hutikisa. Unapanda mlima, unakanyaga mafuta, gari linatetemeka mwili mzima upande kwa upande. Unaachia mafuta, mtetemo unaisha palepale. Au unahamisha gia kutoka kwenda mbele hadi kurudi nyuma na unasikia kishindo kimoja kizito, du! Watu wengi hupeleka gari la namna hii kusawazisha magurudumu mara tatu nne bila mafanikio. Magurudumu yasiyosawazishwa hutikisa kwa kufuata kasi, ukanyage mafuta usikanyage. Beringi ya gurudumu nayo huvuma, uuuuu mfululizo, na uvumaji hubadilika ukiliyumbisha gari kulia na kushoto barabarani. Na kishindo kinachosikika kwenye mashimo wakati usukani umenyooka, kitafute kwenye viungo vingine vya chini ya gari: boljointi, bushi na vile vifimbo vya kuunganisha stabilaiza, wala usiisingizie ekseli.

Kuna wanaosema gari likilia ta-ta-ta unaweza kulitumia hivyo hivyo miaka. Nimewasikia wengi na siwaungi mkono. Ni kweli jointi inaweza kulia muda mrefu. Lakini siku ikivunjika, injini inanguruma na gari halisogei, popote ulipo, hata kama ni katikati ya makutano. Na jambo ambalo wenye gia otomatiki hawaambiwi: shafti moja ikivunjika, kuweka gia kwenye P kunaweza kusilizuie gari, kwa sababu kufuli lile liko ndani ya giaboksi, na difu, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya shafti mbili, huachia upande uliovunjika uzunguke bure. Gari litateremka mlima likiwa kwenye P. Hendibreki peke yake ndiyo itakayolishika. Mdharau mwiba guu humwota tende, na mwiba wenyewe huu ni wa kuweza kuua mtu aliyesimama mbele ya gari.

Nilipopata mlio wangu nilimpelekea fundi mmoja. Akafungua, akajaza grisi ya kawaida ya beringi, akavalisha buti mpya na kuifunga kwa mkanda wa plastiki, ule wa kufungia nyaya. Mlio ukapungua kwa siku chache, nikafurahi. Baada ya wiki tatu mkanda ukawa umekatika, buti imechomoka mdomo, grisi yote imetapakaa, na ta-ta-ta imerudi kubwa kuliko mwanzo. Mle ndani mlikuwa na makosa matatu, na nitayaeleza kwa sababu nayaona yanarudiwa kila mahali.

La kwanza, jointi inayolia haiponywi kwa buti. Vishimo kwenye chuma havijai. Buti mpya ni dawa ya jointi ambayo bado ni nzima; ikishalia, badilisha jointi au shafti nzima. Kuna wanaohamisha jointi ya kulia kwenda kushoto ili golori zikimbie upande wa mfereji ambao haujalika. Inanyamazisha kwa muda, nami sishauri mtu aijengee safari juu yake. Shafti iliyokarabatiwa inaweza kuwa nzuri au mbaya, kutegemea aliyeikarabati. Kama shafti yako ya asili bado ni nzima, iokoe hiyo, ibadilishe buti mapema, kwa sababu chuma chake ndicho kilichotengenezwa kwa gari lako.

La pili ni grisi. Jointi ya golori inataka grisi yenye molibdeno, ile nyeusi, kwa sababu golori zinateleza na kujiviringisha kwa pamoja chini ya mgandamizo mkubwa, na chembe za molibdeno hubaki kwenye chuma hata pale grisi inapobanwa ikaondoka. Jointi ya ndani ya vigurudumu vitatu mara nyingine huja na grisi ya aina nyingine kabisa. Buti nzuri huuzwa pamoja na kifuko cha grisi yake. Tumia hiyo, tumia yote, wala usichanganye na ya zamani. Kiasi kilichomo kimepimwa kwa jointi hiyo. Pungufu itaiunguza, na ukijaza kupita kiasi buti itafura na kusukuma mdomo wake nje ya klipu.

La tatu, mkanda wa plastiki hauna nguvu ya kushika buti inayozunguka mara mia nane kwa dakika barabara kuu. Klipu iwe ya chuma, ikazwe kwa koleo lake. Buti ya plastiki ngumu, ambayo siku hizi ni nyingi na hustahimili msuguano kuliko raba laini, inadai klipu iliyokazwa zaidi, la sivyo inazunguka peke yake juu ya jointi na kujitafuna.

Na zile buti zilizopasuliwa ubavuni, zinazounganishwa kwa gundi au vijiskrubu ili usifungue shafti? Nazielewa. Uko mbali, buti imepasuka, unataka kufika. Lakini mshono wake ni ufa uliotengenezwa kiwandani, gundi inataka mahali pasipo na tone la grisi, na huwezi kuisafisha jointi vizuri bila kuitoa. Ikufikishe, kisha weka ya kweli.

Kubadilisha kwa njia ya kweli si siri kubwa, japo inataka subira. Nati kubwa ya ekseli inalegezwa gari likiwa bado chini, breki imekanyagwa. Ndipo unainua, unatoa tairi, unaachanisha boljointi ya chini au boliti za shokapu, unavuta habu, kile kitovu kinachobeba gurudumu, ikuachie ncha ya shafti. Kuwa mwangalifu na waya wa sensa ya ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki. Usiache shafti ining'inie kwa uzito wake, ifunge kwa waya, maana ikining'inia hupinda jointi ya ndani kupita kiasi na unaweza kupasua buti ambayo ilikuwa nzima. Na shafti ikiwa nje, gari lisisukumwe kutembea kwa magurudumu yake: kwenye magari mengi ile nati kubwa ndiyo inayoikaza beringi, na bila hiyo beringi huharibika.

Jointi ya nje kwa kawaida imefungwa kwa karingi kadogo kaliko ndani ya mfereji wa shafti, nayo hutoka kwa kugongwa kwa kipande cha shaba. Isafishe mpaka uone chuma kitupu. Ipindishe pande zote, tazama kila golori na kila mfereji. Alama ya kung'aa ni ya kawaida; ukucha ukikwama kwenye kishimo, jointi hiyo imekwisha. Pakia grisi mpya kwa vidole mpaka itokee upande wa pili wa golori, na iliyobaki weka ndani ya buti. Kumbuka klipu ndogo na buti vinatangulia kuingia kwenye shafti kabla ya jointi. Kila fundi amewahi kurudia kazi kwa kusahau hilo. Kabla ya kukaza klipu ya mwisho, nyanyua mdomo wa buti kidogo kwa bisibisi butu, hewa iliyobanwa ndani itoke au iingie, buti ikae kwa umbo lake. Buti iliyofungwa ikiwa imefura au imenyonywa hupasuka mapema, na kosa hilo huwa linasingiziwa ubora wa raba. Nati ya ekseli iwe mpya na ikazwe kwa spana ya kipimo, kwa namba ya gari hilo hasa.

Kuhusu kuzuia, mengi yamo katika kutazama. Mimi nakagua kila ninapobadilisha mafuta ya injini, na kila tairi inapotoka kwa sababu yoyote ile. Usioshe chini ya gari kwa petroli wala dizeli. Usielekeze bomba la maji ya shinikizo moja kwa moja kwenye mikunjo wala kwenye klipu. Uvujaji wa mafuta juu ya shafti uzibwe hata kama ni mdogo. Kamba, majani marefu au waya vikijizungusha kwenye shafti, vikate siku hiyo hiyo. Usikanyage mafuta kwa nguvu usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho, na gari linalokaa muda mrefu bila kutembea liachwe magurudumu yamenyooka, raba isikomae ikiwa imevutika. Wanaoinua gari kwa kuweka spesa juu ya shokapu wajue wamezipa shafti pembe ambayo hazikuipata kiwandani, na buti ndizo zinazoilipa kila siku. Na gari likitoka kufanyiwa breki au shokapu, angalia buti kabla hujaondoka. Ncha ya mtaimbo ikiteleza hutoboa bila mtu kujua.

Nilipobadilisha shafti nzima ya kulia, sikusubiri. Nikakata usukani kulia, nikachutama nyuma ya gurudumu la kushoto na tochi. Upande wa kwanza, vinyufa vya juu juu. Nikasogeza gari mita moja. Kwenye bonde la pili kutoka jointi, ufa mfupi kama ukucha wa kidole kidogo, na ukingoni mwake grisi imetokeza kama tone la jasho. Nikaichukua, nikaisugua. Laini.

Kazi hiyo niliifanya mwenyewe, mchana kutwa, taratibu. Nilipoisafisha jointi nikaizungusha mkononi, golori zikapita moja moja mwangani, zote sita, mifereji yote mitupu bila kovu. Nikapakia grisi, nikavalisha buti, nikaitoa hewa, nikakaza klipu. Tairi lilikuwa limelala pembeni, upande wa ndani ukiangalia juu, na kwenye rimu mlikuwa na vidoa viwili vyeusi tu, havijawa hata mstari. Nikavipangusa mwishoni kabisa, kabla ya kurudisha gurudumu.